Uzi: Kofia, rangi na vyeo. Waungwana wa Uingereza walivaa nini kichwani enzi za akina Tudor (1485–1603)

#1 – Mleta uzi

Wakuu, habari za muda huu.

Tamthilia za kifalme za Kiingereza zimetujaza picha ya mabwana na mabibi wanaotembea vichwa wazi, nywele zinapepea kwenye korido za kasri. Enzi za akina Tudor jambo hilo halikuwepo. Tangu Henry VII alipotwaa taji mwaka 1485 mpaka Elizabeth I alipofariki mwaka 1603, mtu mzima mwenye heshima zake hakutoka nje bila kitu kichwani. Mwanamume alikula mezani na kofia yake, alihesabu fedha na kofia yake, na usiku alivaa nyingine ya kulalia. Walioachia nywele wazi bila kulaumiwa walikuwa mabinti ambao hawajaolewa, bibi harusi, na malkia siku ya kutawazwa.

Swali ninaloulizwa sana kila nikigusia mada hii ni hili: rangi gani ilikuwa ya wakubwa? Wengi wanataka jibu la neno moja, zambarau au nyekundu. Ukisoma sheria zenyewe unagundua kwamba rangi peke yake haikuwa na mwenyewe, isipokuwa zambarau ya hariri. Kilicholindwa ni rangi fulani juu ya kitambaa fulani. Muuza samaki wa London aliweza kuvaa kofia nyekundu ya sufu na hakuna wa kumgusa. Nyekundu iliyoiva juu ya mahameli ilikuwa habari nyingine kabisa.

Sheria za mavazi zilitungwa mwaka 1510, 1514, 1515 na 1533 chini ya Henry VIII, kisha Elizabeth akatoa matangazo yake, maarufu likiwa la mwaka 1574. Hariri ya zambarau na kitambaa cha dhahabu cha rangi hiyo viliachiwa mfalme, malkia, mama wa mfalme, watoto wake na ndugu zake, na maduke kwa kiasi kidogo tu. Mahameli nyekundu iliyoiva, kwa tangazo la 1574, ilikuwa ya maduke, mamarquess, maearl na watoto wao, mabaroni, na wenye Nishani ya Garter, heshima ya juu kabisa ya kifalme. Walio chini ya hapo walitafuta rangi nyingine, au kitambaa kingine.

Sheria hizo zilizungumzia zaidi majoho, makoti na fulana, na kofia ilifuata vazi. Lakini kuna mbili zilizokwenda kichwani moja kwa moja. Ile ya enzi za Mary I, mwaka 1554, ilikataza mtu asiye angalau mrithi wa mwenye cheo cha Sir, na asiye na mapato ya pauni 20 kwa mwaka au mali ya pauni 200, kuweka hariri kwenye kofia yake, kofia ya usiku, mshipi, soksi, viatu, hata kwenye ala ya upanga. Adhabu ilikuwa kifungo cha miezi mitatu na faini ya pauni 10. Bwana aliyejua kuwa mtumishi wake anavunja sheria hiyo na asimfukuze ndani ya siku 14, yeye alilipa pauni 100. Baadaye, mwaka 1566, ikaongezwa kwamba asiye na cheo cha Sir wala si mtoto wa lord asivae kofia ya mahameli.

Nitaendelea. Wenye maswali karibuni.

#2 – FundiCherehani

Mkuu, uzi mtamu. Mimi ni mtu wa vitambaa, nataka kuelewa hapo kwenye nyekundu mbili. Mtu anasimama mita 10, anajuaje kwamba ile ni nyekundu ya muuza samaki na hii ni ya lord? Na nyeusi iko wapi? Picha zote za Henry VIII ninazoziona kofia ni nyeusi.

#3 – Mleta uzi

Fundi, umegusa penyewe.

Nyekundu ya watu wa kawaida ilitoka kwenye mizizi ya mmea uliolimwa Ulaya kwa ajili ya kazi hiyo. Ni rangi nzuri na inashika sufu vizuri, ila huelekea kwenye utofali, ina kahawia ndani yake. Nyekundu ya wakubwa ilitoka kwa wadudu wadogo waitwao kermesi, wanaokaa kwenye miti ya jamii ya mwaloni kandokando ya bahari ya Mediterania. Wanakusanywa majike, wanakaushwa, mpaka mtu wa kawaida alidhani ni punje za nafaka. Inahitajika idadi kubwa sana ya wadudu kutia rangi kipande kidogo. Baada ya Wahispania kuiteka Meksiko miaka ya 1520, ikaja kochinili, mdudu wa kwenye mimea ya dungusi kakati, mwenye rangi kali zaidi. Tia rangi hiyo kwenye hariri au mahameli: nyuzi zinameza mwanga na kuurudisha, mkunjo mmoja unakuwa mwekundu wa damu na unaofuata karibu mweusi. Sufu iliyotiwa rangi ya mizizi haifanyi hivyo hata uiloweke mwezi mzima. Mtu wa zama zile alitofautisha akiwa ng'ambo ya barabara.

Sasa nyeusi. Watu huidhania rangi ya unyenyekevu, lakini nyeusi nzito, ile isiyo na kahawia wala kijivu, ilikuwa kati ya rangi ngumu kuzipata. Njia ya haraka ilikuwa kuchanganya vivimbe vya mwaloni na chuma. Inatoa nyeusi, lakini chuma kinakula nyuzi na baada ya muda kitambaa kinabadilika kuwa kahawia. Njia ya gharama ilikuwa kutia kwanza buluu nzito, kisha nyekundu juu yake, tena na tena, mpaka giza liingie. Yaani unalipia rangi mbili kupata moja. Mafundi wasio waaminifu walianza kutumia magogo ya mti kutoka Amerika ya Kati yaliyotoa nyeusi na buluu za bei rahisi ambazo hazikudumu, na Bunge likapiga marufuku magogo hayo mwaka 1581.

Ndiyo maana kwenye michoro ya Hans Holbein, aliyekuwa mchoraji wa Henry VIII, vichwa vya wanaume wakubwa ni nyeusi tupu: kofia laini ya duara, bapa, ukingo mdogo, ya mahameli au ya sufu nzuri. Ukubwa wa mtu uliongezwa juu ya weusi huo. Mfalme mwenyewe anaonekana na unyoya mweupe wa mbuni uliolazwa kuzunguka ukingo, vito vilivyopangwa kwa nafasi sawa, na vijiti vidogo vya dhahabu vilivyoshonewa jozi jozi. Wengi walibandika beji ya dhahabu upande mmoja, yenye sura ya mtakatifu au hadithi ya Kigiriki. Nyeusi ndiyo inayofanya dhahabu na lulu vionekane.

Mwenye kofia nyekundu ya wazi kabisa kwa Holbein ni mtoto. Angalia picha ya Edward, mwana wa Henry na Jane Seymour, ambayo mchoraji alimpa mfalme kama zawadi ya mwaka mpya 1539. Mtoto ana mwaka mmoja na miezi kidogo. Ndani amevaa kikofia kinachobana kichwa na kufungwa kidevuni, juu yake kofia nyekundu yenye mapambo ya dhahabu na unyoya wa mbuni, mkononi ameshika njuga kama fimbo ya enzi. Nguo yenyewe ni nyekundu na dhahabu. Hajui hata kuzungumza, lakini kila aliyeingia chumbani na kuiona picha hiyo alijua anamtazama mfalme ajaye.

Na kuna siku moja rangi ya kofia iliingia kwenye barua za kibalozi. Catherine wa Aragon, mke wa kwanza aliyeachwa, alifariki tarehe 7 Januari 1536. Balozi wa Kaisari (mtawala wa Dola Takatifu ya Kirumi), Eustace Chapuys, aliandika kwamba Henry alitokea amevaa njano kutoka juu mpaka chini, isipokuwa unyoya mweupe kwenye kofia yake, akaenda kucheza dansi na mabibi. Chapuys alikuwa rafiki wa Catherine na uchungu wake unasomeka. Aliona inafaa Kaisari ajue mpaka rangi ya unyoya.

#4 – MsomajiKimya

Mleta mada nina picha moja ya makumbusho ya Metropolitan ya New York nimeiona kwenye tovuti yao, Holbein pia, mwanamume ana kofia nyekundu na koti jekundu. Huyo naye ni mwana wa mfalme?

#5 – Mleta uzi

Hapana ndugu, huyo ni mtumishi wa nyumba ya mfalme. Nyekundu ile ni sare, na kifuani kuna herufi za jina la mfalme. Ndiyo maana nasema rangi haikutosha kumtambulisha mtu. Mtumishi wa mfalme alivaa nyekundu kwa sababu mfalme ndiye aliyelipia kitambaa, na aliivaa kama mtu wa mfalme. Duke alivaa nyekundu kama yeye mwenyewe.

#6 – BintiWaPwani

Shikamoo mleta uzi kama umenizidi. Mnawazungumzia wanaume tu! Naomba upande wa akina mama. Anne Boleyn si ndiye aliyeleta ule ushungi wa Kifaransa, wa mviringo wenye lulu?

#7 – Mleta uzi

Marahaba dada, na huku ndiko kwenye utamu wenyewe.

Mabibi wa tabaka la juu walikuwa na mitindo miwili mikuu iliyoshindana. Wa kwanza ni ushungi wa Kiingereza, wenye ncha juu ya paji la uso kama paa la nyumba. Tazama Jane Seymour aliyechorwa na Holbein, picha iko Vienna. Ushungi ule ulijengwa kwa tabaka. Ndani kabisa kikofia cha kitani cha kushika nywele. Nywele zinafunikwa kwa hariri, hazionekani. Juu yake fremu ngumu inayotoa ile pembe, halafu ukanda wa mbele uliojaa lulu na vito, ambao ncha zake zinaweza kushuka kifuani au kukunjwa na kubanwa kwa pini juu ya masikio. Nyuma yake mahameli nyeusi inayoning'inia. Mwanzoni pande zote mbili ziliachwa zishuke, lakini kufikia miaka ya 1530 upande mmoja ulikunjwa na kubanwa kichwani, mwingine ukaachwa begani. Kila asubuhi mtumishi alimpanga bibi yake kwa pini, kipande baada ya kipande.

Wa pili ndio huo wa Kifaransa. Ukingo wake ni wa mviringo, unakaa nyuma zaidi, na nywele za mbele zilizogawanywa katikati zinaonekana. Nyuma kuna mahameli nyeusi inayoshuka mgongoni. Rangi zake zilikuwa kwenye ukingo: mstari wa kitani cheupe, mstari wa dhahabu au nyekundu, na nyuzi mbili za mapambo, moja juu ya utosi na nyingine karibu na uso, za lulu au za kazi ya sonara. Princess Elizabeth anayo kwenye picha ya mwaka 1546 hivi, akiwa na miaka 13: gauni jekundu lililoiva, ushungi wa rangi hiyohiyo na lulu kuuzunguka.

Kuhusu Anne Boleyn: kweli alikulia Ufaransa, kweli aliupenda mtindo wa huko, na kweli mabibi walimwiga. Lakini sanamu pekee isiyobishaniwa iliyotengenezwa akiwa hai ni medali ya risasi ya mwaka 1534, iko British Museum, na pale amevaa ushungi wa Kiingereza. Picha za mviringo na lulu tunazozijua zilichorwa baada ya kifo chake. Na siku anauawa, tarehe 19 Mei 1536, alivua ushungi wake mwenyewe akafunga nywele zake kwa kikofia cha kitani. Nadhani alijua anachofanya alipovaa Kiingereza kwenye medali: malkia mpya, ambaye wengi walimwona mgeni na mnyang'anyi, alihitaji kuonekana mwenyeji.

Aliyemfuata, Jane Seymour, aligeuza jambo hili kuwa amri. Mwaka 1537 Anne Bassett, binti wa Lady Lisle wa Calais, alipata nafasi ya kuwa mhudumu wa malkia. Alikuwa ametoka kulelewa Ufaransa na kabati lake lote lilikuwa la huko. Wakala wa familia, John Husee, akaandikia mama: malkia anataka binti aache mavazi ya Kifaransa, atahitaji kofia ya mahameli ya Kiingereza pamoja na ukanda wake wa mbele. Bibi mmoja wa kasri akamwazima ya kwake kwa muda. Husee akaenda kumtazama, na akaandika kwa uaminifu kabisa kwamba haikumpendeza kama ule ushungi wa Kifaransa, lakini matakwa ya malkia lazima yatimizwe. Barua hizo zipo mpaka leo. Binti wa watu amepata kazi aliyoiombea familia nzima kwa miaka, na jambo la kwanza linaloshughulikiwa ni kichwa chake. Wiki chache baadaye, Oktoba 24, Jane akafariki kwa uzazi, na mviringo ukarudi kasri lote.

Kufikia Januari 1540 ulikuwa umesharudi kiasi kwamba Anne wa Cleves alipovua mavazi ya Kijerumani na kutokea kwenye mashindano ya farasi na ushungi wa Kifaransa, mwandishi wa habari za wakati ule Edward Hall aliandika kwamba ulidhihirisha uzuri wake kiasi cha kumfurahisha kila aliyemwona.

#8 – FundiCherehani

Na sheria iliwagusa akina mama?

#9 – Mleta uzi

Iligusa waume zao! Mwaka 1542 England ilikuwa inajiandaa kwa vita na haikuwa na farasi wakubwa wa kutosha. Bunge likapitisha sheria: mwanamume ambaye mke wake anavaa gauni la hariri, au ushungi wa Kifaransa au kofia ya mahameli yenye ukingo wa dhahabu, lulu au vito, au mkufu wa dhahabu shingoni, lazima afuge farasi dume mmoja anayefaa kwa vita. Hoja yao ilikuwa wazi: kama nyumba yako inaweza kubeba lulu kichwani, inaweza kulisha farasi wa mfalme. Mkaguzi hakuhitaji kufungua vitabu vya hesabu vya mtu, alitosheka kumtazama mkewe akiingia kanisani.

Na wajane nao walipangiwa. Margaret Beaufort, mama yake Henry VII, aliweka utaratibu wa maombolezo ambamo kitambaa cheupe cha mikunjo cha wafiwa kilivaliwa juu ya kidevu kwa wenye cheo cha baroness na kuendelea, na chini ya kidevu kwa walio chini yao. Tofauti ni vidole vichache, lakini kila mmoja msibani aliziona.

#10 – Mwanafunzi wa Historia

Mkuu naomba usisahau kofia nyekundu za makadinali. Wolsey.

#11 – Mleta uzi

Siwezi kumsahau, huyo ndiye mwenye kofia iliyopokelewa kama mtu.

Thomas Wolsey, mtoto wa mchinja nyama wa Ipswich, alifanywa kadinali mwaka 1515 na Papa Leo X. Kofia ilitumwa kutoka Roma, nyekundu, bapa, yenye ukingo mpana na vishada. George Cavendish, aliyekuja kuwa mtumishi wake wa karibu na kuandika maisha yake, anasimulia kwamba ilisemekana mjumbe alifika akiwa mtu wa hali ya chini na kofia kwenye mfuko wa kawaida. Wolsey akaagiza azuiwe njiani, avishwe hariri inayostahili, ndipo aingie London akipokelewa na maaskofu na waungwana. Novemba 1515 kofia ikawekwa juu ya altare ya Westminster Abbey, na tarehe 18 ikafanyika ibada ambayo watu waliilinganisha na kutawazwa kwa mfalme. Tangu siku hiyo, Wolsey akienda mahakamani Westminster Hall, kofia ile ilibebwa mbele yake juu juu na muungwana aliyekuwa kichwa wazi.

Fikirieni hapo, wakuu. Kwa sheria za nchi, nyekundu ile iliwahusu wenye damu ya kikabaila. Huyu hakuwa na tone lake, na bado mabwana waliozaliwa kwenye majumba ya mawe walivua kofia zao nyeusi mbele ya kofia isiyo na kichwa ndani. Chuki dhidi ya Wolsey haikuanzia kwenye siasa za talaka ya mfalme, ilikuwa imeshaanza kujengeka pale. Christ Church kule Oxford, chuo ambacho yeye ndiye aliyekianzisha, wanatunza mpaka leo kofia nyekundu inayosemekana ni yake.

Miaka 20 baadaye kofia ya namna hiyohiyo ilisaidia kumuua mtu. John Fisher, askofu wa Rochester, alikuwa kifungoni Tower of London kwa kukataa kumkubali Henry kuwa mkuu wa Kanisa. Mei 1535 Papa Paul III akamfanya kadinali, akitumaini cheo kitamlinda. Henry alighadhibika, na maneno yake yakasambaa: Papa alete kofia, lakini itakapofika hapatakuwa na kichwa cha kuivalia. Fisher alikatwa kichwa tarehe 22 Juni. Mzee wa miaka 60 na ushee, amekonda kwa jela, hajaiona kofia yenyewe.

#12 – BintiWaPwani

Subhanallah. Hiyo ya Fisher sikuijua kabisa.

Nina swali lingine: hiyo kuvua kofia mbele ya mkubwa, wote walivua?

#13 – Mleta uzi

Karibu wote. Mbele ya mfalme kofia iko mkononi, na namna ya kuishika ilifundishwa kwa watoto: usimwonyeshe mtu bitana yake. Kubaki na kofia mbele ya mfalme ilikuwa zawadi iliyoandikwa na kupigwa muhuri. Mary I alimpa Earl wa Sussex, Henry Radcliffe, kibali cha namna hiyo mwaka 1553, baada ya kumsaidia kupata kiti cha enzi.

Kundi moja lilikuwa na haki hiyo kwa kazi yake: mawakili wa daraja la juu kabisa, ambao majaji walitoka kwao. Alama yao ilikuwa kikofia cheupe cha kitani cha kubana kichwa, na hawakukivua hata wakizungumza na mfalme. Kikofia cheupe cha kitani! Kitu ambacho mke wa fundi viatu alikivaa kila siku jikoni. Juu ya kichwa cha wakili kilikuwa heshima kuliko mahameli.

#14 – MsomajiKimya

Tabaka la chini tumeliacha. Walilazimishwa kuvaa nini?

#15 – Mleta uzi

Nitapita haraka maana uzi ni wa wakubwa, ila sheria yao inaonyesha mpaka ulipokuwa.

Mwaka 1571 Bunge la Elizabeth lilipitisha sheria ya kuwaokoa watengeneza kofia za sufu, kwa sababu waungwana walikuwa wamehamia kwenye kofia ndefu za felti na za kutoka nje. Kila mtu wa zaidi ya miaka 6 avae, Jumapili na sikukuu, kofia ya sufu iliyofumwa na kumalizwa England. Asiyevaa alipe shilingi 3 na peni 4 kwa siku, fedha ambayo kibarua aliitolea jasho siku kadhaa. Walioachwa nje ya sheria ni mabinti, mabibi, malord, wenye cheo cha Sir, waungwana wenye ardhi ya mapato ya maki 20 (kipimo cha fedha cha zamani) kwa mwaka, na waliowahi kushika madaraka mjini. Kwa hiyo Jumapili asubuhi, ukisimama mlangoni pa kanisa, sheria ilikuwa imekupangia watu mafungu mawili. Mwaka 1582 wakuu wa jiji la London wakaongeza kwamba mwanagenzi asivae kofia nyingine yoyote mjini ila ya sufu, tena isiyo na hariri ndani wala nje.

FundiCherehani, hii itakupendeza: sheria ya 1571 ilitaja kazi 15 tofauti katika utengenezaji wa kofia hizo. Kuna wa kuchambua sufu, wa kusokota, wa kufuma kwa sindano, wa kukanyaga ndani ya maji mpaka matundu yajifunge, wa kutia rangi, wa kuinua malaika ya sufu kwa vichwa vikavu vya mmea wenye miiba, wa kuyanyoa yawe sawa kama mahameli, wa kupiga pasi, wa kutia bitana. Meli ya kivita ya Mary Rose iliyozama Julai 1545 na kuinuliwa mwaka 1982 ilikutwa na kofia za namna hii, na kwenye chumba cha tabibu wake kulikuwa na kikofia cha mahameli ya hariri. Miaka karibu 440 kwenye tope la bahari, na bado unaona tofauti ya tabibu na baharia.

#16 – FundiCherehani

Kunyoa sufu ifanane na mahameli! Yaani mtu asiyeruhusiwa mahameli anapata mng'ao wake kihalali. Mafundi ni mafundi tu. Hizo kofia ndefu za akina Elizabeth nazo vipi?

#17 – Mleta uzi

Kuanzia miaka ya 1560 na 1570 kofia bapa ilishuka daraja. Babu aliivaa akiwa mbele ya mfalme, mjukuu akamwachia mwanagenzi na mzee wa mjini. Waungwana wakapanda juu: kofia yenye kichwa kirefu, kwanza ya mahameli au tafeta iliyokunjwa juu ya fremu ngumu, halafu ya felti, na ya kifahari kuliko zote ikatengenezwa kwa manyoya ya biva, mnyama wa mtoni, zikiletwa kutoka ng'ambo. Philip Stubbes, aliyechapisha mwaka 1583 kitabu cha kuwashutumu Waingereza kwa anasa, anataja bei zake: shilingi 20, 30, hata 40.

Na ni yeye anayetupa orodha bora ya rangi. Analalamika kwamba kuna kofia zilizochongoka kama mnara wa kanisa, nyingine bapa kama paa la ngome, na utepe wa kuzungushia leo mweusi, kesho mweupe, mara kahawia, mara nyekundu, mara kijani, mara njano, hawatosheki na rangi moja siku mbili. Alikuwa na hasira, na hasira hiyo ilimfanya aangalie kwa makini. Mwili wa kofia kwa kawaida ulibaki mweusi, rangi ikaingia kwenye utepe na manyoya, ambavyo mtu alibadilisha bila kununua kofia nyingine. Nyeusi na nyeupe zilipendwa zaidi kasrini kwa sababu ndizo zilizokuwa rangi za Elizabeth mwenyewe, na wapanda ngazi walijua kumvalia.

Mabibi nao walianza kuvaa kofia hizo ndefu wakisafiri au wakipanda farasi, juu ya kikofia cha kitani kilichotariziwa kwa hariri nyeusi: mizabibu, maua, ndege. Ushungi wa Kifaransa ukawa mdogo, ukarudi nyuma, na mwisho wa utawala malkia na mabibi wake walikuwa wanapandisha nywele na kuzijaza lulu, kofia imekuwa kipande kidogo tu.

#18 – Mwanafunzi wa Historia

La mwisho kwangu. Je, sheria hizi zilitekelezwa? Na kuna kilichobaki hadi leo?

#19 – Mleta uzi

Zilitekelezwa kwa kusuasua. Ile ya kofia za sufu ndiyo iliyoacha faini nyingi kwenye vitabu vya mahakama za vijiji, mara nyingine kijiji kizima kinatozwa kwa pamoja, ikionyesha kuwa watu walikuwa wameshaiacha na wanalipa kama kodi. Ilifutwa mwaka 1597. Zile za hariri na mahameli zilirudiwarudiwa kwa matangazo, na kurudiwa kwenyewe kunaonyesha hazikushika. Tajiri wa London aliyeuza mahameli kwa earl alikuwa na mahameli nyumbani, na mkewe alikuwa na kichwa. James I alipoingia, sheria zote za mavazi zikafutwa mwaka 1604.

Kilichobaki kipo. Walinzi wa Tower of London bado wana kofia nyeusi ya duara yenye utepe wa rangi. Na ukihudhuria mahafali kwenye vyuo vinavyofuata desturi ya Uingereza, tazama wanaopewa shahada ya uzamivu: wengi hawavai ile ya pembe nne, wanavaa ya duara, laini, ya mahameli nyeusi, yenye ukingo na kamba ya dhahabu kuizunguka. Ni kofia ileile ya kwenye michoro ya Holbein, imepoteza unyoya tu.